Ukitoa kwa Chuo Kikuu, Usimsahau Jirani wa Chuo

Vyuo vikuu vya Kenya siku hizi vinanyosha mkono kuomba, na wala si siri. Barua zawafikia waliosoma humo zamani, wafanyabiashara, misikiti na jumuiya za mitaa, kila mmoja akitakiwa atoe alichojaaliwa. Tumezoea kuona maombi hayo yakiwa ya mabweni, ya maktaba, au ya ada za watoto wa masikini. Sasa limeongezeka fungu jingine, nalo laitwa ushirikiano wa chuo na jamii jirani. Mtu huulizwa: je, waweza kutusaidia ili chuo chetu kipate kufanya kazi pamoja na watu wanaokizunguka?

Nimewasikia watu wazima, wenye uwezo na wenye imani, wakilijibu swali hilo kwa kicheko. Husema: jirani yu hapo ng'ambo ya barabara, chuo kikimtaka si kivuke tu? Pesa ni za nini?

Makala haya nayaandika kulijibu swali hilo, kwani ni swali la haki na jawabu lake si jepesi. Nionavyo mimi, fungu hili dogo, ambalo aghalabu huwekwa mwisho wa orodha, lastahiki sadaka yetu kuliko mengine mengi. Lakini lina sharti lake, nalo ni kwamba jirani mwenyewe awe na kauli katika sadaka hiyo. Asipokuwa na kauli, ni afadhali mtu akae na shilingi yake atafute pengine pa kuipeleka.

KAZI ISIYOLETA ADA

Chuo kikuu popote ulimwenguni hudai kuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kufundisha, ya pili ni kutafiti, na ya tatu ni kuutumikia umma. Kazi ya kwanza huleta ada. Kazi ya pili, ikiwa wakubwa wa chuo ni hodari wa kuandika maombi, huleta fedha za wafadhili wa ng'ambo. Kazi ya tatu haileti kitu. Yataka nauli, yataka muda wa mwalimu, yataka chai ya wazee barazani, na mwisho wa mwaka mhasibu hana pa kuandika faida yake.

Sisi wa Pwani tumevipata vyuo vikuu vyetu vya umma juzi tu. Chuo cha Pwani, kule Kilifi, kilikuwa chuo cha kilimo kabla ya kufanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, kisha kikapewa hati yake kamili mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, nacho kilipita njia hiyo hiyo katika miaka hiyo hiyo. Havijatimia umri wa kuoza mizizi, na tayari vimekutwa na dhiki ya fedha iliyovikuta vyuo vya umma vyote nchini. Madeni ya vyuo hivyo yahesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Mwaka 2023 Serikali ilibadili utaratibu wake wa zamani wa kukipa chuo ruzuku moja kwa wote, ikataka fedha zimfuate mwanafunzi kwa kadiri ya hali ya aila yake. Utaratibu huo mpya umepingwa na umefikishwa mahakamani, na wazazi wengi bado wanauliza mtoto wao amewekwa tabaka gani.

Katika hali kama hiyo, kitu cha kwanza kukatwa ni kile kisicho na mtetezi. Chuo chenye deni la mishahara hakiwezi kulaumiwa sana kikimnyima mwalimu wake nauli ya kwenda Mtongwe kuzungumza na wavuvi. Wanafunzi wakikosa walimu watagoma. Walimu wakikosa mishahara watagoma. Jirani wa chuo akikosa kutembelewa, atagoma vipi? Hajui hata kwamba alikuwa na haki ya kutembelewa.

Hapo ndipo sadaka inapokuwa na kazi. Serikali italipa mishahara ikitaka isitake. Mfadhili wa ng'ambo atalipia utafiti unaompendeza. Lakini kamba nyembamba iliyofunga chuo na mtaa wake, hiyo haina mwenyewe.

PAUNI LAKI TATU ZA MIOME

Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa kuchangia elimu ya juu. Kile Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor ni mtoto wa michango. Kilianza kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake za Kiingereza, MIOME. Iliasisiwa mwaka 1948, na mwaka 1951 milango yake ikafunguliwa kwa wanafunzi wa kwanza. Agha Khan alitoa pauni 100,000. Sultani wa Zanzibar akatoa pauni 100,000. Jamaa wa Kibohora wa Afrika Mashariki wakatoa pauni 50,000, na Wizara ya Makoloni ya Uingereza ikatoa pauni 50,000. Jumla ni pauni 300,000, na kwa zama zile huo ulikuwa utajiri wa kutisha.

Tazama, msomaji, walivyokutana watoaji hao. Sultani wa Kiibadhi, Imamu wa Kiismaili, Mabohora, na Mzungu wa Makoloni. Hawakuwa wa madhehebu moja, na yule wa mwisho hata dini haikuwa moja. Waliwafikiana juu ya haja moja, kwamba kijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ameachwa nyuma katika ufundi na yapasa apewe. Haja hiyo ilikuwa ya kweli na dawa yake ilikuwa sawa. Mwaka 1966 chuo kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, kikawapokea watu wa dini zote. Mwaka 1972 kikawa Politekniki. Mwaka 2007 kikafanywa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikasimama chenyewe. Watoaji wote wamekwenda mbele ya haki, na kila asubuhi wangali wakisomesha watu. Kama hiyo si sadaka yenye kuendelea, basi sijui ni ipi.

Ila tukiitazama kwa jicho la leo, twaona ilielekezwa kwa yule aliyeingia langoni. Jina la taasisi lilitaja elimu, na lengo lilimtaja mwanafunzi. Mvuvi wa mkono wa bahari wa Tudor, mama muuza mahamri, fundi wa baiskeli, na mtoto aliyechungulia kwenye ua asiweze kuingia, hawa walikuwa nje ya mazungumzo. Siwalaumu waliotangulia. Ukiwa huna nyumba hujengi baraza. Lakini nyumba sasa ipo, tena ni kubwa, na wakati wa kujenga baraza umefika.

MAFUNDISHO YA WAKFU

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamepita chuoni kama nilivyopita mimi, wakakaa mkekani na juzuu mapajani. Tukumbuke basi chuo kile kiliishi vipi. Maalim hakuwa na mshahara wa Serikali. Mtaa ndio uliomvisha na kumlisha. Naye, kwa upande wake, hakuwa mwalimu wa watoto peke yao. Alisoma barua za wasiojua kusoma, aliandika hati za mauzo ya shamba, alisuluhisha mume na mke, aliswalia maiti, aligawa mirathi. Mtu asiye na mtoto chuoni naye alipeleka kibaba cha mchele, kwa kuwa chuo kilikuwa chake pia. Huo ndio ushirikiano wa chuo na jamii jirani, nasi tuliuishi kabla haujapata jina refu.

Tena dini yetu imetupa sheria ya jambo lenyewe. Sayyidna Umar alipopata ardhi kule Khaibar, ardhi ambayo hakuwahi kupata mali iliyo bora kwake kuliko hiyo, alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe matunda yake. Ikawa haiuzwi, haipawi mtu wala hairithiwi, na mapato yake yakawekewa watu maalumu: mafukara, jamaa, msafiri, mgeni na wengineo. Yule anayeisimamia akaruhusiwa kula humo kwa wema, bila ya kujilimbikizia.

Zingatia mambo manne katika habari hiyo. Mtaji umefungwa usiguswe. Matunda yamefunguliwa yatumike. Wanaostahiki wametajwa waziwazi. Na msimamizi amepewa haki yake na mpaka wake. Haya ndiyo mambo manne yanayokosekana katika michango mingi ya siku hizi, ambapo fedha huingia katika kapu moja na kutoka bila ya mtu kujua zimetoka kwa lango gani.

Kule Misri, hasa mjini Kairo, watu wa zamani walijenga kwa wakfu majengo ya namna ya pekee. Chini ni sabili, mahali pa maji ya bure kwa kila mpita njia. Juu yake ni chuo cha Kurani cha mayatima. Mmoja wapo, ule wa Abd al-Rahman Katkhuda uliojengwa mwaka 1744, ungali umesimama hadi leo. Aliyeweka wakfu hakuona kwamba mtoto apate elimu na jirani akae na kiu. Ukuta mmoja uliwabeba wote wawili, na hati moja ya wakfu iliwataja wote wawili.

ELIMU ILIYOSAFIRI ISIRUDI

Pengine mtu atauliza: jirani anahitaji nini kutoka chuo kikuu zaidi ya kazi ya kufagia na duka la kuuzia wanafunzi soda? Mimi nageuza swali: chuo kikuu kimechukua nini kutoka kwa jirani?

Chukua mfano wa Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa wa zama za Mazrui. Tungo zake zilibaki katika vifua vya watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mtu wa Mombasa, alipozikusanya na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuziandika. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Diwani yenyewe, iliyotayarishwa na William Hichens, ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Nasema kwa insafu: lau si juhudi zao, huenda nyingi katika tungo hizo zingepotea. Lakini mtu wa Kibokoni au Kuze aliyetaka kusoma maneno ya babu yake ilimbidi aangalie London na Johannesburg. Mji uliotoa elimu haukuwa na kiti mezani pale ilipoamuliwa elimu hiyo ikae wapi.

Sasa linganisha na jambo lililotendeka Lamu baadaye. Msikiti wa Riyadha, ule wa Habib Swaleh, una miswada mingi ya mkono ya fiqhi, ya lugha na ya tasawuf. Watafiti wakiongozwa na Bibi Anne Bang wa Norway waliipiga picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, mpango ambao fedha zake zilitoka kwa shirika la wafadhili liitwalo Arcadia. Mpango ule una sharti kwamba nyaraka za asili zisitolewe katika nchi yake. Basi vitabu vimebaki Lamu mikononi mwa wenyewe, na picha zake zaweza kutazamwa na mtu yeyote ulimwenguni.

Matukio mawili haya yote yalihusu wasomi wa ng'ambo na elimu ya Waswahili. Tofauti yake kubwa ni lile sharti. Mtoaji aliposema mapema kwamba asili haitoki, msomi hakupata taabu ya kuchagua. Kwa hiyo mwenye kutoa ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani, ila nguvu hiyo huisha siku hundi inapotiwa saini.

MZEE ALIYEHESABIWA MARA NNE

Mzee mmoja mvuvi, ambaye huswali naye Isha, alinipa malalamiko yake juu ya wanafunzi wa chuo kimoja ambacho jina lake nitalihifadhi.

"Mwanangu," aliniambia, "watoto hawa wamenihesabu mara nne. Wameniuliza nina watoto wangapi, nalala chumba cha namna gani, na napata samaki kilo ngapi. Nimewajibu yote kwa uzuri. Lakini hata mmoja hajarudi kuniambia hesabu yenyewe ilitoka ngapi."

Nikamwambia, "Baba, pengine ripoti zimeandikwa kwa Kiingereza."

Akanitazama akasema, "Basi nao wangeniuliza kwa Kiingereza, tuone wangepata jawabu gani."

Sikuwa na la kumjibu. Mzee huyu hakuomba fedha, hakuomba msaada wa chakula, wala hakuomba mwanawe aingizwe chuoni kwa mlango wa nyuma. Aliomba kurudishiwa alichotoa. Kumrudishia kunagharimu nini? Karatasi chache zilizoandikwa kwa Kiswahili safi, nauli ya watu wawili, na alasiri moja barazani. Na gharama hiyo ndogo ndiyo hasa isiyo na fungu katika vitabu vya chuo.

GAZI WALIVYOFANYA

Asije mtu akasema haya ni maneno ya washairi. Kule Gazi, katika Kwale, yametendeka. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwemo Dakta James Kairo, walikuwa wakipanda upya mikoko iliyokatwa. Baadaye wakashirikiana na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland, pamoja na Profesa Mark Huxham. Elimu waliyoipata ni kwamba mkoko huzuia ardhini hewa chafu nyingi mno, na kwamba wako watu ulimwenguni walio tayari kulipia hewa hiyo isitoke.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja. Unahifadhi hekta 117 za mikoko, nao unawahusu wanavijiji wa Gazi na Makongeni. Shirika dogo la hisani lililoandikishwa Scotland huwatafutia wanunuzi. Fedha si nyingi. Lakini wanavijiji wana kamati yao waliyoichagua, nao hukaa na kuamua zitumike katika nini. Wameamua maji, wameamua vitabu na ukarabati wa skuli, wameamua kupanda mikoko zaidi. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na jirani zao wa Vanga nao wakaufuata mfano huo.

Nani mwenye faida hapa? Chuo kikuu kimepata utafiti ambao kisingeupata kwa kukaa Edinburgh. Kijiji kimepata maji. Mikoko imebaki, na samaki wana mahali pa kuzalia. Ukiangalia sana utaona sura ile ile ya wakfu: asili, ambayo ni mikoko, imezuiwa isikatwe, na matunda yake yamefunguliwa kwa watu waliotajwa. Hawakuuita wakfu, lakini mwenye kujua fiqhi ataufahamu mara moja.

HATA WALIO TAJIRI WALIPITIA HAPA

Tusidhani pia kwamba uhasama wa chuo na mtaa ni maradhi ya nchi masikini. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichoko Philadelphia, Marekani, ni miongoni mwa vilivyo tajiri kabisa. Katika miaka ya 1960, mipango ya kujenga upya mji na kupanua vyuo iliwang'oa maelfu ya watu, wengi wao Waamerika weusi, kutoka mtaa wa jirani ulioitwa Black Bottom. Uchungu huo haujasahaulika.

Mwaka 1992 chuo hicho kikaunda idara ya ushirikiano na jamii, ili masomo ya wanafunzi wake yafungamane na skuli na afya ya mitaa ya magharibi ya Philadelphia. Mwaka 2007 mume na mke, Edward na Barbara Netter, wakatoa dola milioni 10 kwa kazi hiyo peke yake, na idara ikapewa jina lao. Nataja habari hii kwa sababu moja. Watu hawa hawakujenga bweni. Walitoa kwa ajili ya uhusiano wenyewe, ili usife mkuu wa chuo anapobadilishwa. Majeraha ya zamani hayafutwi na dola, lakini angalau pamekuwa na mlango wenye fungu lake ambao jirani aweza kuubisha.

MASHARTI MATANO

Sisi hatuna milioni kumi za dola. Basi na tufanye hesabu ya kwetu. Nyumba 100 zikikubaliana kutoa shilingi 200 kila mwezi, hizo ni shilingi 20,000 kwa mwezi na 240,000 kwa mwaka. Hakuna bweni litakalojengwa kwa fedha hizo. Lakini zaweza kulipia nauli, chai, uchapaji na mikutano ya mwaka mzima baina ya idara moja ya chuo na mtaa mmoja. Yule mzee wangu angesomewa hesabu yake, na kingebaki cha kufanyia kazi nyingine.

Kwa hiyo nawashauri watoaji, wakubwa kwa wadogo, wasitoe mpaka waone masharti haya yameandikwa.

Kwanza, fungu la ushirikiano liwe na hesabu yake mbali. Lisichanganywe na fedha za mishahara wala za rangi ya ofisi.

Pili, kamati ya kulisimamia iwe nusu watu wa chuo na nusu watu wa mtaa, waliochaguliwa na mtaa wenyewe. Miongoni mwao wawemo kina mama, kwani wao ndio wanaojua mtaa unakula nini na unaugua nini. Asiteuliwe jirani mmoja mpole kwa ajili ya picha ya gazeti.

Tatu, kila utafiti unaofanywa mtaani urejee mtaani kwa Kiswahili, kwa maandishi na kwa mdomo. Na kama ni miswada, mashairi, dawa za miti au ufundi wa jahazi, mwenyewe atajwe kwa jina lake, na asili ibaki kwake.

Nne, mwenye uwezo mkubwa asitoe fedha za kutumika mara moja zikaisha. Aweke duka, nyumba ya kupangisha au shamba kuwa wakfu, na kodi yake ndiyo ihudumie kazi hii. Hivyo ataepukana na riba ya benki na mtaji hautaliwa. Tume ya Wakfu ipo Mombasa tangu zama za Mkoloni, na mwaka 2022 sheria ya wakfu ya Kenya iliandikwa upya. Njia ya kisheria ipo kwa anayeitaka.

Tano, hesabu isomwe hadharani kila mwaka, tena mtaani, mahali ambapo mtu wa kanzu na mtu wa kaptura waweza kusimama na kuuliza.

WENYE SHAKA

Najua kuna watakaosema kazi hii ni ya Serikali, nasi tunalipa kodi. Ni kweli, na Serikali iendelee kudaiwa usiku na mchana. Lakini kadhi, polisi na zahanati pia ni kazi ya Serikali, na bado mtaa usio na wazee wake wa kusuluhisha huharibika. Kuna mambo ambayo Serikali hata ikiwa na fedha haiwezi kuyatenda, na kujenga imani baina ya msomi na mvuvi ni mojawapo.

Wengine watasema fedha zitaliwa. Huenda. Ndiyo sababu ya kutaka kamati ya nusu kwa nusu na hesabu ya hadharani. Fedha huliwa kwa wepesi zaidi pale mtoaji anapotoa kisha akageuka akaenda zake, akidhani thawabu imeshaandikwa na kazi imekwisha.

Kuna na wanaouliza habari za zaka. Hapo mimi si mufti. Ninachojua ni kwamba zaka imetajiwa watu wanane katika Sura ya Tawba, na haifai kuitapanya nje yao. Mwanafunzi fukara aweza kuwa miongoni mwao. Nauli za watafiti ni jambo jingine, na mlango wake ni sadaka na wakfu, ambao ni mpana. Mwenye shaka amwendee sheikh wake kabla ya kutoa.

Na wako wasomi watakaonung'unika kwamba masharti haya yanamfunga mikono mwanachuoni, asiwe huru kutafiti. Jawabu langu ni kwamba uhuru wa kuuliza haupungui kwa kumrejeshea jawabu aliyeulizwa. Ukweli ambao chuo hakiwezi kuusema mbele ya wanaohusika nao, yafaa upimwe tena kabla ya kupelekwa kwenye mkutano wa Nairobi au London.

Basi msomaji wangu, barua ya chuo ikikufikia, usiitupe, wala usikimbilie kuandika hundi. Mwandikie aliyekutumia na umuulize mambo mawili: je, watu wa mtaa ulio jirani na chuo wamelisoma ombi hili, na wao wametaka nini kiwekwe ndani yake? Akikujibu kwa majina ya watu na kwa maneno yao, toa kwa kadiri ya uwezo wako na umuombe Mwenyezi Mungu akukubalie. Akikujibu kwamba jirani ataarifiwa baadaye, mrudishie barua yake aanzie kwa jirani.